Waulize Wajuzi wa Meza: Chai ya asubuhi kwenye hoteli za ufukweni

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwenye meza moja: ile ya asubuhi, kwenye hoteli kubwa za Unguja na Pemba zilizokaa juu ya bahari au kando ya msitu. Waandishi wake ni wageni waliovutwa na bei ya mkaazi (ile bei nafuu ya wenyeji), wahudumu wanaobeba masinia, na mpishi mmoja anayetaka vitumbua vyake vifure. Ukizisoma pamoja unaona malalamiko mengi yangemalizwa jana yake jioni, kwa neno moja kwa mtu wa mapokezi au wa jikoni. Kwa hiyo usishangae neno "usiku" likirudi rudi katika majibu yetu.

BAHARI IMEKWENDA WAPI?

Assalaam alaykum. Mimi na mume wangu tulilala usiku mmoja kwenye hoteli ya pwani ya mashariki, Unguja, kwa kutimiza miaka kumi ya ndoa. Picha zao zote zinaonesha maji ya buluu yanagusa ngazi za mkahawa. Tumeshuka kunywa chai saa 3 na nusu, bahari haipo! Mchanga, majani, na wanawake wa mwani kwa mbali kama sisimizi. Tunataka kurudi. Tufanyeje?
Mama Pacha, Mwanakwerekwe

Waalaykum salaam, Mama Pacha. Picha ile ni ya kweli, ila ilipigwa siku nyingine ya mwezi. Pwani ya mashariki, tangu Matemwe na Kiwengwa hadi Paje, Bwejuu na Jambiani, ina uwanda mpana wa maji mafupi kabla ya kufika mwambani. Maji yakipwa, mahali pengine hurudi nyuma kilomita nzima na zaidi.

Bamvua la kwetu, yaani siku za maji makubwa, lina saa zake. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa kiasi cha saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kiasi cha saa 4 asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Maana yake ni kwamba siku za bamvua, saa ile ile ambayo maandazi yanapangwa mezani ndiyo saa bahari inayokwenda zake. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, na wiki moja ikipita mambo yamepinduka: yamekuwa maji mafu, hayapandi sana wala hayaendi mbali, na kujaa kwake kumeangukia saa 3 hadi saa 5 asubuhi.

Basi chukua kalenda ya Hijria iliyopo ukutani kwako. Ukitaka bahari iwe karibu na meza, lala hotelini kati ya tarehe 6 na 9 za mwezi wa Hijria, au kati ya 21 na 24. Ukikuta nafasi ni tarehe 1 au 15 tu, usiifute safari, badilisha saa: shuka saa 1 kamili mlango unapofunguliwa, maji yatakuwa nusu ya njia bado yanatoka, na rangi yake wakati huo ni nzuri kuliko hata yakijaa. Kendwa na Nungwi mambo ni tofauti, kule ufuo umeinama zaidi na maji hayaendi mbali. Lakini Kendwa inatazama magharibi, kwa hiyo jua la asubuhi litakuwa nyuma yenu.

Kuhusu jua lenyewe, watu wengi hukosea. Hoteli nyingi hufungua chai saa 1 hadi saa 4. Jua hapa huchomoza saa 12 na nusu hivi mwezi wa Julai na karibu saa 12 kamili mwezi wa Novemba. Mlango unapofunguliwa, limeshapanda. Anayetaka kunywa chai jua likitoka aombe jana yake jioni sinia dogo la mapema: chupa ya chai, matunda, mikate miwili. Hilo jikoni huliweza. Mayai ya kukaanga saa hiyo usiyaombe, jiko la mayai bado halijawashwa.

Na upepo. Kipindi cha kusi, kiasi cha Juni hadi Septemba, pwani ya mashariki hupigwa usoni. Leso za karatasi huruka, mayai hupoa kabla hujakaa, mchanga huingia kwenye asali. Omba meza ya safu ya pili, nyuma ya ukuta au kichaka. Bahari utaiona vile vile.

Sasa jambo ambalo hoteli chache hukwambia. Bamvua hilo hilo linalokunyima bahari mbele ya chumba ndilo linalokupa fungu. Mafungu ya mchanga, kama lile la Nakupenda mbele ya Mji Mkongwe, hujitokeza maji yakipwa, na siku za bamvua kupwa ni saa 4 au saa 5 asubuhi. Kwa hiyo chai ya kwenye fungu ipange tarehe 29 hadi 3 za Hijria, au 14 hadi 17, ondokeni saa 2 na nusu. Siku za maji mafu asubuhi fungu liko chini ya maji au limebaki kipande. Ukiuziwa safari hiyo kwa tarehe 8, uliza mara mbili. Fungu halina mti: mwavuli, kofia, na maji ya kunywa lita moja na nusu kwa kila mtu. Nahodha akisema twendeni, mnyanyuke hata kama kahawa haijaisha.

BUFEE NA TUMBO

Safari ya kikazi ilinilaza hoteli ya kifahari, chai ni bufee ndefu kama harusi. Nilijaza sahani, na tumbo likanisumbua siku nzima. Nitajuaje kipi kizuri? Halafu niliona soseji za nguruwe hatua chache kutoka kwenye jiko la mayai. Nikanyamaza, lakini moyo haukutulia.
Mfanyakazi wa umma, Chake Chake

Ndugu yetu, tuanze na la moyo, kwa sababu jibu lake ni jepesi. Mwambie mpishi wa mayai: "Naomba kikaango kisafi na mwiko wake, sitaki kilichopikiwa nguruwe." Wapishi wengi hapa ni Waislamu kama wewe na wanalisikia ombi hilo kila siku, wengi wana kikaango cha pembeni kabisa. Tazama na koleo: kila chombo kiwe na koleo lake. Likionekana koleo moja linahama kutoka soseji hadi viazi, viache viazi. Kitu cha kuuliza zaidi ya nyama ni vile vitamu vinavyotikisika kama jeli na baadhi ya krimu za keki, maana gelatini yake huenda ni ya nguruwe.

La tumbo. Chakula cha moto kinatakiwa kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi chini ya nyuzi 5. Kati ya hapo vijidudu huzaana, na kwa joto letu saa mbili zinatosha kukiharibu. Huna haja ya kipimo. Funua kifuniko: mvuke ukikupanda usoni, vizuri. Ukigusa pembe ya sinia na mkono ukakaa bila kuungua, pita. Maji ya chini ya sinia yakiisha au moto wake ukizimika, chakula hubaki vuguvugu huku kifuniko kiking'aa kama kawaida, na hapo ndipo wengi huumia.

Mayai ya kuvuruga yana alama yake. Yakikaa muda mrefu kwenye mvuke huanza kuwa na rangi ya kijani kijivu, kwa sababu salfa ya ute hukutana na chuma cha kiini. Rangi hiyo haina sumu, lakini inakupa habari: haya yamekaa. Acha, nenda jikoni ukatengenezewe yako. Mayai mawili kwenye kikaango cha sentimita 20, moto wa wastani, huchukua dakika mbili. Ukitaka yasichuruzike maji, mwambie nyanya aitoe mbegu au aiache, maana nyanya ndiyo inayomwaga maji, siyo mayai. Ya kuchemsha, yakitumbukizwa kwenye maji yanayochemka, ni dakika 6 kwa kiini cha kumiminika, 8 kwa kiini laini, 11 kwa kigumu. Taja dakika, ukisema "nusu nusu" kila mpishi ana nusu yake.

Samaki wa moshi, jibini, mtindi na nyama baridi viwe juu ya barafu iliyo barafu kweli. Sinia likiwa linaelea kwenye maji, vimeshapata joto. Tunda lililokatwa litazame ukingo: papai lililoanza kukauka pembeni limekatwa zamani. Juisi ya ukwaju au mabungo haina neno ikitoka kwenye friji. Jagi lililokaa juani halifai hata kama lina barafu.

Na zunguka bufee mara moja mikono mitupu kabla hujashika sahani. Siyo adabu tu. Anayejaza mwanzoni hujaza mikate na keki, ambazo ndizo za bei rahisi kabisa pale na huwekwa mbele makusudi, halafu akifika kwenye supu, chila na pweza sahani imekwisha. Chukua kidogo, rudi mara tatu. Hakuna anayehesabu.

MAZIWA YAMEKATIKA

Mimi ni mhudumu. Wageni wanapenda chai ya maziwa yenye tangawizi. Juzi sufuria nzima imekatika, mabonge matupu, nikaambiwa nimenunua maziwa mabovu. Maziwa yalikuwa ya pakiti, tarehe bado. Nisaidieni.
Kijana wa chai, Nungwi

Maziwa hayana kosa, kijana, na wewe ni nusu tu ya kosa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, hasa yakiwa ya moto lakini hayajachemka. Ukiitia tangawizi iliyopondwa kwenye maziwa yanayopata joto taratibu, umeyapa nafasi nzuri kabisa ya kukatika. Kimeng'enya hicho hufa kikichemshwa kwenye maji. Kwa hiyo maji kwanza, maziwa mwisho.

Kwa lita 3 za chai: maji lita moja na nusu, tangawizi gramu 60 iliyopondwa, hiliki punje 12 zilizopasuliwa, kijiti kimoja cha mdalasini. Chemsha kwa nguvu dakika 10. Tia majani vijiko 3 vya chakula, dakika 3 zaidi. Hapo ndipo umimine maziwa lita moja na nusu, ukoroge, uache ipande mara moja, uchuje. Sukari ikae pembeni. Mgeni wa Ulaya na mzee wa Makunduchi hawalingani kwenye sukari.

Ukifuata hivyo na bado ikakatika, basi tafuta ndimu: aliyekata ndimu kwa kisu kile kile, au sufuria iliyopikiwa ukwaju na haikusuuzwa. Chupa ya chai nayo isuuze kwa maji yanayochemka kabla ya kujaza, na chai ya maziwa iliyobaki kutoka asubuhi usiipeleke kwa mgeni mchana. Imwage.

KUNGURU, KIMA NA MKATE WANGU

Nilikwenda kuchukua juisi tu. Nimerudi, kunguru wawili wanamaliza mkate wa siagi na mmoja amebeba pakiti ya sukari. Mwanangu analia. Hoteli ya nyota tano haiwezi kufukuza kunguru?
Baba mwenye hasira, Kiembesamaki

Pole sana, Baba. Kunguru huyo mwenye shingo ya kijivu ni mgeni aliyekaa: aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka za mji. Akapenda mji, akapenda na siagi. Methali inasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, lakini huyu wa mkahawani hana woga hata chembe, na anajua kuhesabu viti. Haji ukiwa umekaa. Anangoja kiti kirudi nyuma.

Kinga ya kwanza ni zamu: mmoja asinyanyuke hadi mwenzake arudi. Ukiwa peke yako, chukua juisi na matunda kwanza, moto mwisho, na usiache chakula kikikungoja. Kinga ya pili ni kawa. Kile kifuniko cha ukindu tulichokiona kwa bibi zetu ndicho chombo bora kwa kazi hii. Hupitisha hewa, hakitoi jasho kama kifuniko cha bati, kwa hiyo mkate haulowi. Hoteli kadhaa zimeyatundika makawa ukutani kama mapambo. Omba wakushushie moja! Mtoto usimpe mkate wa kutembea nao, na usitupe hata kipande kimoja kwa ajili ya picha. Kunguru mmoja akilishwa leo, kesho anakuja na ukoo.

Kwa hoteli zilizo karibu na misitu, habari ni ya kima. Kule Jozani na vijiji vya jirani, kima punju mwekundu hasumbui meza yako: chakula chake ni majani machanga na matunda mabichi, na tumbo lake halipendi tunda bivu lenye sukari. Mwizi wa ndizi ni kima wa kawaida; Pemba ni tumbili. Usimwoneshe meno wala usimnyang'anye alichokwisha kushika, maana huuma, na kuumwa naye ni safari ya hospitali. Akikifuata chakula, kiache, rudi nyuma, mwite mhudumu mwenye fimbo. Na sahani ya matunda usiilaze kibarazani: usiku huja komba, asubuhi utakuta maganda.

VITUMBUA VYA WAGENI 20

Nyumba yetu ya wageni ni ndogo lakini ni ya hali ya juu, vyumba 10, Jambiani. Mwenye nyumba anataka chai ya Kiswahili kila Ijumaa: vitumbua na mbaazi za nazi. Vitumbua vyangu vinakuwa bapa na vinakunywa mafuta. Mbaazi haziivi, nimezichemsha saa tatu. Naomba vipimo vya watu 20.
Mpishi, Jambiani

Barua kama hii ndiyo tunayoipenda. Vitumbua kwanza. Watu 20 ni vitumbua 50, maana wapo watakaoongeza. Utahitaji mchele kilo 1, tui zito mililita 750 na mengine 150 ya akiba, sukari gramu 250, hamira ya chenga vijiko 2 vya chai, hiliki ya kusaga kijiko kimoja na nusu cha chai, chumvi kidogo, na unga wa ngano vijiko 3 vya chakula kushikisha.

Osha mchele, uloweke Alhamisi saa 2 usiku. Chini ya saa sita punje haijalegea hadi ndani, na mashine utakayoitumia haitaisaga hadi iwe laini. Kitumbua kitakuwa na chenga. Saa 10 alfajiri umwage maji yote, uchuje vizuri, usage kwa mafungu manne na tui. Hapa ndipo wengi huharibu: blenda ikigoma wanaongeza maji. Usiongeze. Punguza mchele kwenye blenda. Chukua kidogo kwenye vidole usugue. Ukisikia mchanga, rudisha.

Changanya hamira, unga, hiliki na sukari baada ya kusaga. Sukari hulegeza donge, kwa hiyo tazama uzito wake ukishaitia, ndipo uamue kama tui la akiba linahitajika. Uwe kama mtindi mzito: ukiuinua kwa upawa, udondoke kwa utepe na utepe ukae juu kidogo kabla ya kuzama. Funika, uache dakika 45 hadi saa moja. Ukishajaa mapovu na kupanda, anza kupika. Ukiungoja zaidi unapanda halafu unaanguka, na vilivyoanguka ndivyo hivyo bapa vyako. Siku za joto dakika 40 zinatosha. Ukiona haupandi kabisa, hamira imekufa: itie kijiko kimoja kwenye maji vuguvugu na sukari, isipotoa povu kwa dakika 10 itupe.

Kuhusu mafuta, sababu ni moto. Kikaango cha chuma kikiwa bado baridi, kitumbua hukaa kinakunywa kabla ya kushika. Kipashe hadi tone la donge lichemke mara likigusa. Tia nusu kijiko cha chai cha mafuta kwa kila shimo, jaza robo tatu, punguza moto kidogo. Ukingo ukianza kujitenga, geuza kwa kijiti. Upande wa pili hauhitaji mafuta mengine ila tone. Kinachoungua nje na kuwa kibichi ndani kimepewa moto mkubwa. Kinachoganda kikaangoni kimekuta chuma kilichooshwa kwa sabuni na kukwanguliwa. Kikaango hicho hufutwa tu kwa kitambaa na mafuta.

Kikaango cha vishimo 7, kwa dakika 5 kila mkupuo, kitakutolea vitumbua 50 kwa dakika 40. Kwa hiyo usivipike vyote saa 12 na kuvifunika. Vikifunikwa vya moto hutoa jasho, vikalowa. Weka jiko nje mbele ya wageni, pika kumi na tano wakati wa kufungua, endelea wanavyokuja. Harufu ya hiliki na nazi ikifika vyumbani, hutahitaji kugonga milango.

Mbaazi: kavu kilo 1 kwa watu 20, ziloweke usiku ule ule. Kutoiva kwake kuna sababu mbili. Huenda ni za zamani, zimekaa ghalani zaidi ya mwaka. Lakini kwa Jambiani tunashuku maji kwanza. Ardhi yenu ni ya mawe ya matumbawe, na maji ya kisima yake yana chokaa nyingi. Chokaa hukaza ganda la mbaazi, hata ukichemsha hadi Adhuhuri. Lowekea na uchemshie maji ya mvua au ya kununua, au utie magadi kiasi cha ncha ya kijiko cha chai. Yakizidi zitanuka sabuni. Chumvi na nyanya zisubiri hadi zilainike.

Zikishaiva, tia kitunguu, bizari ya manjano, pilipili mbuzi nzima isiyopasuka, na tui la pili lita moja na nusu. Likipungua nusu, tia tui la kwanza la nazi 4, moto mdogo, sufuria wazi, mwiko unazunguka. Tui zito likiachwa lichemke kwa fujo hukatika, mafuta yakapanda juu na chini yakabaki maji. Epua linapoanza tu kuchemka pembeni. Na nazi zikunwe asubuhi ile ile. Tui la usiku lililolala nje ya friji huchacha.

SINIA LA KUELEA

Dada yangu ameona picha za chai inayoelea bwawani, anataka kwa ajili ya fungate yake. Inafaa?
Wifi, Wete

Kwa picha, inafaa. Kwa kula, tunasema kwa upole, hapana. Sinia linaelea sawasawa likiwa limesawazishwa. Ukinyanyua bilauri ya upande mmoja, upande wa pili unazama na kahawa inakwenda bwawani. Mayai hupoa kwa dakika tano, na mkate ukirushiwa maji ya klorini hauliki.

Akilitaka basi, aombe vitu vizito katikati, vyombo visiwe vya kioo, vinywaji vya moto vibaki ukingoni. Alisimamishe kwenye ngazi za maji mafupi, piga picha, halafu linyanyuliwe na waende wakale mezani. Na aulize bei mapema, maana mara nyingi linatozwa nje ya bei ya chumba.

RAMADHANI, NA SAFARI ZA ALFAJIRI

Tumepata ofa ya siku mbili ndani ya Ramadhani, chai imo kwenye bei lakini sisi tumefunga. Pesa inapotea?
Mke na mume, Fuoni

Haipotei mkiwahi. Wakati wa kuweka nafasi ombeni chai ibadilishwe iwe daku, au ihesabiwe kwenye futari. Hoteli nyingi za hapa zinalijua hilo. Mkifika, rudieni ombi mapokezi kabla ya saa 12 jioni, kwa kuwa jikoni usiku hubaki watu wachache, na semeni saa kamili: sahani iwe mlangoni saa 10 usiku. Ombeni vinavyokaa: mayai ya kuchemsha, maharage, mkate wa ufuta, ndizi, chupa ya uji. Wali wa futari uliokaa mezani saa nyingi msiukubali hata ukipashwa moto.

Ombi hilo hilo linawafaa wanaotoka kabla ya mlango kufunguliwa, kama wanaokwenda kuangalia pomboo Kizimkazi. Kifurushi cha hoteli mara nyingi huwa ni mkate wenye mayonezi na kuku, vitu viwili visivyopenda joto. Badala yake ombeni mayai yenye maganda yake, ndizi, karanga na maji. Anayepatwa na kichefuchefu chomboni ale kidogo nusu saa kabla, asinywe maziwa, asile sambusa.

BEI YA MKAAZI, kwa kifupi

Watatu mmeuliza swali moja: je, bei ya mkaazi ina chai ndani yake? Bei ya mkaazi si lazima iwe na chai ndani yake. Ulizeni kwa maneno haya: ni kwa mtu au kwa chumba, chai imo, watoto wa miaka mingapi ni bure, kodi na huduma zimo? Chukueni kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi cha kila mtu mzima, maana kuna hoteli zinazorudisha bei ya mgeni ukikisahau. Asiyelala anaweza kwenda kunywa chai tu mahali pengi, ila apige simu siku moja kabla, kwa sababu jikoni hupika kwa idadi ya waliolala.

MATUNDA, NA DAFU

Kila siku tikiti, papai, nanasi. Zanzibar haina matunda mengine? Na dafu waliloniletea lilikuwa kali kidogo.
Mstaafu, Mkoani

Mzee wetu, shikamoo. Matatu hayo hukatika vizuri, hayageuki rangi na yapo mwaka mzima, ndiyo maana. Msimu wa embe uliza boribo au dodo kwa jina, na shokishoki. Mnunuzi wa hoteli huzipita sokoni kila asubuhi. Shelisheli wa kuchoma nao huletwa ukiomba usiku. Doriani usitaje, wengi wamelipiga marufuku kwa harufu. Nanasi bichi usilichanganye na mtindi bakulini ukaliacha: kimeng'enya chake huvunja maziwa, na baada ya dakika chache mtindi unakuwa mchungu. Liwe pembeni.

Dafu ulilopewa ama lilikatwa mapema, ama lilikuwa koroma. Kabla halijakatwa litikise karibu na sikio. Dafu zuri limejaa, halitoi sauti; likicheza maji ndani, limeshaelekea kwenye nazi. Likatwe mbele yako, ulinywe papo hapo. Ukimaliza mrudishie mkataji alipasue, akuchongee kijiko kwenye kumbi lake lenyewe, na ukombe nyama ikiwa bado laini kama ute.